Kikwembe Kati Yangu na Mama Mkwe

Mashine ya kweli ya kuchezea mpira kwenye televisheni ni Play mbili. Naanza hapo makusudi, ili asiyekubali aache kusoma mapema na aendelee na shughuli zake. Sega, mashine ya zamani zaidi, tuliicheza Butembo tukiwa bado na meno ya utoto, nami naiheshimu kama mtu anavyomheshimu babu. Play tatu nimeigusa Goma mara mbili, na mara zote mbili ilinikera. Imenenepa, inang'aa, inakunywa umeme wa nyumba nzima, na maneti yake, kile kidude cha vitufe unachoshika mikononi, haina waya. Mtu anajilaza nayo kitandani, kajifunika blanketi, anacheza kama mgonjwa. Maneti lazima iwe na waya. Waya unakukalisha chini, unakukumbusha kwamba umekuja kucheza na hukuja kutembea.

Wachezaji nao nina neno nao. Kuna yule anayechagua timu yenye nguvu kuliko zote, kila siku, halafu akishinda anajipiga kifua. Kuna anayefungwa goli na kusema maneti imelegea. Kuna anayeruka na kusimama mbele ya tele kana kwamba kafunga kwa mguu wake mwenyewe. Hao wote nawavumilia, kwa shida. Lakini yule anayebonyeza pause katikati ya shambulizi, mchezo ukaganda, eti anakwenda kunywa maji, huyo simvumilii hata kidogo. Mpira wa kweli hausimami kwa sababu mtu ana kiu. Mimi, Valentin Nzanzu, tangu nianze kushika maneti nilikuwa sijawahi kubonyeza pause, na nilijivunia jambo hilo kuliko ubatizo wangu.

Hapo ndipo ndoa yangu ilipoharibikia.

Nilikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Kashebere, pale unapotoka Masisi na kuingia Walikale. Pikipiki za Pinga zilifika kwangu zinakohoa, zikaondoka zinaimba. Nilikuwa na paneli ya jua juu ya bati, batiri, tele ndogo, na Play mbili yangu. Nilikuwa pia na mke, Dorothée, mwalimu wa darasa la tatu, binti wa wakulima wa kule juu ya Kirotshe. Namtaja wa mwisho, na hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe.

"Valentin," aliniambia siku moja, "nikiongeaka na weye, niko naongea na sikio tu. Macho yako iko kwa tele."

Nikamjibu kwamba sikio ndilo linalosikiliza. Nilidhani nimejibu vizuri sana.

Basi, mwaka 2012, asubuhi moja kwenye saa nne, risasi zilianza kulia nyuma ya kilima. Dorothée aliingia mbio kutoka shuleni, chaki bado mkononi.

"Valentin, bantu banakimbia."

"Ngoja kidogo. Iko dakika ya sabini na nane. Niko na moja, bale zero."

"Hausikie risasi? Bonyeza pause, twende."

"Miye sibonyezake pause. Unajua."

Naona haya kuandika haya, lakini nimeshaanza. Nilimaliza mechi. Nilishinda moja kwa sifuri. Nikahifadhi ushindi kwenye kadi ya kumbukumbu. Dorothée alikuwa amesimama mlangoni muda huo wote, na mimi nilimwambia atangulie na majirani, vitu vya maana nitabeba mimi. Nikachukua gunia, nikatia mashine, maneti mbili na kadi. Ili zisigongane nikazifunga kwa kitambaa cha kwanza laini nilichokiona, yaani kikwembe, kitenge alichopewa Dorothée na mama yake siku ya harusi, cha manjano chenye kuku wa bluu. Nikatoka nimeridhika kama mtu aliyeokoa kanisa.

Tulifika Masisi siku ya pili, tukakaa kwenye uwanja wa shule pamoja na watu wengi. Mama mmoja mwenye huruma akatupa maharage. Dorothée akaniomba sufuria. Nikafungua gunia polepole, maana nilianza kuelewa. Alipowaona kuku wa bluu uso wake ulilainika, akadhani nimekumbuka kikwembe chake. Akakivuta. Mashine ikatokea, nyeusi, na maneti zake mbili, na waya zikamwagika mbele ya watu.

Kila mume pale alikuwa na kitu. Mmoja alileta godoro, mwingine sufuria tatu, na mwingine alikuwa amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni, pamoja na bawaba. Huyo wa mlango akaniangalia kwa huruma.

Dorothée hakusema neno kutoka Masisi hadi Sake, wala kutoka Sake hadi Kirotshe. Kwa mwalimu wa darasa la tatu, hiyo ni safari ndefu. Tulipofika kwa baba yake, aliingia ndani, kisha akachungulia mara moja tu.

"Weye bakia na bibi yako," akaniambia, akifunga mlango. Bibi kwetu ni mke; alimaanisha mashine.

Nikaenda kulala kwa binamu yangu Jules, anayeuza saruji sokoni Kirotshe. Nilikuwa na Play mbili kamili na kadi yenye misimu tisa ya ushindi, na Jules ana tele kubwa kuliko yangu. Sikucheza hata mara moja. Niliwasha siku ya tatu, nikaisikia ile sauti yake ya kuamka, nikazima. Nilimkumbuka mke wangu, ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya wiki mbili habari zikaja kwamba Kashebere kumetulia na watu wanarudi. Sikutaka kurudi peke yangu. Lakini mke akirudi kwao, mume hamfuati hivi hivi. Unakwenda na msemaji na kreti ya vinywaji, unakaa kwenye benchi, na watu wanakujadili kana kwamba wewe ni ng'ombe aliyevunja ua. Nilimchukua Jules awe msemaji. Baba mkwe, Papa Nzabandora, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Binti yetu anasema mukwe alioa bibi wa pili," akasema. "Siye hatujamuona huyo bibi. Huku hatukatie hukumu muntu mwenye hatujaona. Mumulete."

"Papa, ni mashine," Jules akasema.

"Hata kama ni mashine. Ilikaa kwa nyumba ya binti yangu. Tunataka tuione."

Kesho yake nikaileta, imefungwa vilevile kwa kuku wa bluu. Papa Nzabandora alikuwa na tele ndogo ya kuangalia misa na habari, na batiri iliyoshiba jua. Dorothée aliketi mbali, anachambua maharage, hanitazami. Na mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao.

Hapa nieleze. Kwao na kwetu, jambo hili ni moja: mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hamshiki mkono, hali mbele yake, hasemi naye moja kwa moja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwingine apite. Hiyo ndiyo heshima, na mtu anayeivunja watu humsimulia miaka mingi. Mimi mama mkwe nilikuwa sijamwona hata siku ya harusi, ila kilemba chake kwa nyuma.

Wakaniambia nionyeshe bibi wa pili anavyofanya kazi. Nikacheza peke yangu dhidi ya mashine, jasho linanitoka. Ndipo sauti ikatoka jikoni, ikimwambia mume wake kana kwamba mimi niko Butembo.

"Baba Dorothée, uulize ule muntu. Ule muchezaji wake wa mbele iko anangoja nini? Si apige?"

Nikapiga. Ikaingia. Iliniuma vibaya, maana alikuwa anatazama kupitia tundu la ubao, kwa jicho moja.

Siku iliyofuata mama mkwe alitaka kushika maneti. Papa Nzabandora alifikiri sana, kisha akaamua kama hakimu. Tulifunga kamba kutoka ukuta wa nyuma mpaka juu ya tele, tukatundika kikwembe cha kuku wa bluu, chumba kikagawanyika mara mbili. Msumari wa upande wa tele nilipigilia mimi. Upande wa nyuma mama mkwe alifunga kamba mwenyewe kwenye nguzo, mimi nikiwa nje. Tele ikabaki kwenye mwisho wa pazia. Mimi nilikaa kulia, yeye kushoto, kila mmoja akiona kioo bila kumwona mwenzake. Waya za maneti zikapita, mmoja huku na mmoja kule. Ningekuwa na Play tatu, sijui hiyo maneti isiyo na waya ingepotelea wapi katika nguo za mama mkwe, na nani angethubutu kuitafuta.

Alijifunza kwa siku sita. Na kila tabia ninayoichukia duniani, alikuwa nayo. Alichagua timu yenye nguvu kuliko zote. Akifungwa, alimwambia mumewe kwamba maneti yake imelegea. Na alibonyeza pause. Nikiwa nashambulia, mchezo unaganda, nasikia kandambili zinakwenda jikoni, mfuniko unafunuliwa, kijiko kinakoroga, mfuniko unarudishwa, kandambili zinarudi. Kisha mchezo unaendelea na mimi nimeshasahau nilikuwa natoa pasi wapi.

Kwa kuwa siwezi kusema naye, nilimwomba Papa Nzabandora amwambie kwa adabu kwamba pause ni tabia mbaya, inaua mchezo. Papa akageuka upande wa kikwembe.

"Mukwe anasema muache maharage iungue," akasema.

Kisha sauti ikaja: "Umuambie, ndo maana binti yangu alikosa sufuria."

Sikurudia tena.

Jambo lililoniumiza kuliko yote halikuwa hilo. Siku ya tano Dorothée alikwenda kukaa upande wa mama yake, nikamsikia anacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, kwa sababu mama alikuwa amemfunga kipa wake mwenyewe goli. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tuoane, na alikuwa anacheka kwa mashine yangu, upande usio wangu. Nilishika maneti, nikatazama wale kuku wa bluu, nikatamani kulia.

Jumamosi mama mkwe akatoa hukumu kupitia mumewe.

"Kesho, kisha ya misa. Mechi moja tu. Mukwe akishinda, abebe bibi yake baende. Akishindwa, arudie Kashebere peke yake, akuje tena kisha ya mavuno ya maharage."

Mavuno ya maharage yalikuwa miezi miwili mbele. Na katika miezi miwili ya wakati ule, nani alijua barabara itakuwa ya nani. Nilimtazama Dorothée ili akatae. Alikuwa anafunga ufagio.

"Bacheze," akasema. "Miye nitaangalia."

Jumapili saa nane mchana jua lilikuwa kali na batiri imejaa. Jules alikaa nyuma yangu. Majirani walijaza dirisha, wengine bado na vitabu vya nyimbo mikononi. Dorothée alichukua kigoda, akakaa kando ya tele upande wangu, mgongo ukutani, akielekea kwangu. Nilifikiri: amekaa vibaya, hapo haoni kioo. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Sikuchagua timu kubwa. Hata siku hiyo nilikuwa na kanuni zangu. Nilichukua timu ya katikati, yenye winga mmoja mwepesi, nikafunga dakika ya kumi. Mama mkwe akasawazisha. Nikafunga tena. Akasawazisha tena, majirani wakagonga dirisha. Alibonyeza pause mara tatu katika kipindi cha kwanza na mara moja katika cha pili. Ile ya mwisho kandambili hazikwenda jikoni. Zilikwenda nyuma, kwenye nguzo, zikakaa kidogo, zikarudi. Mimi sikuwaza kitu, nilikuwa nakausha vidole kwenye suruali.

Mbili kwa mbili. Dakika ya themanini na tisa nilimnyang'anya mpira katikati ya uwanja. Winga wangu akatoka mbio. Beki mmoja, akampita. Wa pili, akaanguka mwenyewe. Akabaki na kipa peke yake, na mke wangu, na sufuria zangu, na nyumba yangu ya Kashebere vyote viko nyuma ya yule kipa. Kidole changu kikawa juu ya kitufe.

Kamba ikalegea. Kikwembe kikashuka chote mara moja, kuku wa bluu wakalala chini.

Kioo cha tele, kwa jua lile la dirishani, kilikuwa kinarudisha picha ya chumba. Nikaona kipande cha kilemba na kiwiko kimoja kinakuja pamoja na goli. Nusu ya pumzi zaidi ningemwona mama mkwe mzima mzima, amekaa na maneti magotini, miguu imekunjuliwa.

Nikafumba macho. Maneti ikaanguka. Nikageuka, nikaweka paji la uso kwenye ukuta wa mbao, mikono juu ya masikio kama mtoto anayehesabu wenzake wajifiche, waya umenizunguka mguu. Sikufikiri kitu. Watu hawaniamini ninaposema hivyo, lakini mechi ilitoka kichwani kama vile haijawahi kuwepo. Nilifikiri tu kwamba yule ni mama wa mke wangu, na kwamba nimemkosea mke wangu vya kutosha.

Nyuma yangu nikasikia vitufe vinabonyezwa bila haraka. Kisha watu wa kwenye tele wakashangilia, kisha wa dirishani.

"Baba Dorothée," sauti ikasema, "ujulishe mukwe. Ni tatu kwa mbili."

"Nimesikia, Papa," niliuambia ukuta. "Nimeshindwa. Nitaenda Kashebere peke yangu, nitarudi kisha ya mavuno." Sauti yangu ilikuwa imekwisha kabisa, na sikujali nani anaisikia.

Kandambili ziliondoka kwenda jikoni. Mkono ukanigusa begani.

"Geuka," Dorothée akasema. "Mama amekwisha ingia."

Niligeuka. Alikuwa amesimama karibu, kikwembe kwenye bega lake. Nilimtazama yeye. Tele ilikuwa bado inaonyesha goli lile kwa marudio, nilisikia, lakini nilimtazama yeye.

"Ungebonyeza pause," akasema, "ningejua roho yako iko bado kwa ile mechi. Unangoja mama apite, uendelee. Weye uliitupa."

"Nimeshindwa lakini. Mama yako alisema."

"Mechi ni ya mama. Miye sikukuwa naangalia mechi. Nilikuwa naangalia macho yako, tangu mwanzo. Ni mara ya kwanza tangu tuoane, nakuona unaacha ile kintu kwa ajili ya muntu."

"Ilikuwa kwa ajili ya mama yako," nikakiri.

"Najua," akasema. "Tutaanzia hapo."

Papa Nzabandora alikwenda jikoni, wakanong'ona, akarudi na hukumu ya mwisho. Mama mkwe ameshinda, kwa hiyo ni lazima mimi niache mke mmoja. Nimwache yule wa pili hapo kwao, niende na wa kwanza.

Kabla ya kutoka nilikwenda kuangalia ile kamba. Haikukatika. Fundo la kwenye nguzo, lile alilofunga mama mkwe, lilikuwa limefunguliwa vizuri, na ncha ya kamba imelala pale alipokuwa amekaa. Nikauliza jikoni walipika nini. Jules akaniambia maharage ya siku ile yaliiva tangu kabla ya misa.

Tulirudi Kashebere kwa lori mpaka Masisi, na kutoka hapo kwa miguu. Dorothée alibeba kikwembe chake, mimi nilibeba kichwani sufuria mpya kubwa ambayo mama mkwe alituma kwetu, na nilipita nayo katikati ya Nyabiondo mchana kweupe. Kufuli la duka lilikuwa limevunjwa. Walichukua tele, paneli na batiri, wakaniachia minyororo ya pikipiki, maana haikuwafaa. Nilianza upya na minyororo.

Wiki tatu baadaye, jioni, tulikuwa mbele ya nyumba tunapukuchua mahindi. Dorothée alikuwa ananisimulia habari ya mwanafunzi wake mmoja, aliyepotea siku ile ya risasi na kurudi akiwa amevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto. Simu ikalia. Alikuwa Papa Nzabandora, ana haraka.

"Valentin, mama anauliza. Mupira wa kupinda, unabonyezaka wapi? Iko anacheza na Jules, ni dakika ya themanini. Sema mbio. Tena anasema maneti imelegea."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu, na maoni kuhusu maneti, na karipio dogo kwa Jules. Dorothée alikuwa amesimamisha hadithi yake, mkono wake juu ya gunzi, anangoja kuona.

"Papa, mumuambie abonyeze pause," nikasema. "Dorothée iko ananisimulia."

Nikaweka simu kwenye mahindi, nikamgeukia, nikamuuliza viatu hivyo vilikuwa vya rangi gani.